Mchawi hachezewi: Safari ya istilahi za vita na sihiri katika mchezo wa dadu

DESEMBA iliyopita, tulipokusanyika nyumbani kwa mama huko Kilifi bara, mpwa wangu anayesoma chuo kikuu Nairobi alikuja na marafiki watatu na mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na dadu. Si zile tulizozoea za pande sita pekee, bali za pande nne, nane, kumi, kumi na mbili, hata ishirini. Wakaketi chini ya mwembe, wakatandaza karatasi na penseli, na tangu alasiri hadi jua kuzama wakawa wanapigana vita ambavyo mimi sikuviona.

"Mjomba, hii inaitwa Dungeons & Dragons," mpwa wangu akanieleza. "Kila mtu ana mhusika wake. Huyu ni shujaa, huyu ni mwizi, mimi ni kuhani. Yule pale ndiye anatusimulia na kuamua."

Nilivuta kiti nikasikiliza. Lugha yao ilikuwa mseto wa ajabu. "Niko na hit points tatu tu!" "Pole, umefeli saving throw!" "Nani ako na initiative?" Mtu hangejua kama yuko Kilifi au Chicago. Nilicheka nao, hadi yule msimulizi aliposema kwa sauti nzito: "Mnagundua kwamba mchawi ni yule mzee wa kijiji. Mnafanya nini?" Wenzake watatu wakajibu kwa pamoja, kwa furaha ya ujana: "Muueni!"

Mama alikuwa mlangoni pa jikoni akipeta mchele. Akaweka uteo chini, akaja polepole mpaka chini ya mwembe. "Mjukuu wangu," akasema, "neno hilo hapa kwangu halichezewi." Hakuongeza lingine. Akarudi kwenye mchele wake.

Vijana walikunja karatasi zao bila kuelewa kosa lao. Mimi nilielewa. Kaka yake mama, yaani mjomba wangu mimi, aliondoka bomani usiku mmoja miaka mingi iliyopita kwa sababu ya neno hilohilo. Alikuwa na mvi, alikuwa na shamba, na watoto wawili wa jirani walikuwa wamefariki mwaka mmoja. Hayo matatu yalitosha. Hadi leo hajalala tena nyumbani kwake, na pale kwetu jina lake hutajwa kwa sauti ya chini.

Usiku ule mpwa wangu alinijia. "Mjomba, nimemkosea nyanya. Lakini basi tusemeje? Sisi tulikuwa tunajaribu kucheza kwa Kiswahili, na kamusi inasema hivyo." Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa yeyote anayedhani kwamba istilahi ni kazi ya kulinganisha safu mbili za maneno tu. Ili kulijibu swali lake, sina budi kwanza kueleza maneno hayo ya Kiingereza yalitoka wapi, kwa maana hata yenyewe hayakushuka kutoka mbinguni.

Mizizi ya mchezo huu imo katika mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1812 mtu mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimwonyesha mfalme wake mchezo wa vita uliochezwa mezani. Mwanawe aliurekebisha na kuuchapisha mwaka 1824. Ndani yake mlikuwa na ramani, dadu za kuamua matokeo ya mapigano, na mwamuzi aliyesimama kati ya pande mbili. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells alichapisha nchini Uingereza kitabu kiitwacho Little Wars, kilichowafundisha raia wa kawaida kupigana sebuleni kwa askari wadogo wa kuchezea. Hivyo vita vikatoka kambini vikaingia nyumbani.

Huko Marekani, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, aliishi Gary Gygax. Alikuwa amefanya kazi ya bima, kisha akawa fundi wa viatu. Mwaka 1971 yeye na Jeff Perren walitoa kanuni za vita vya zama za kati zilizoitwa Chainmail, na mwishoni wakatia nyongeza yenye mazimwi, majoka na watu wa sihiri. Wakati huohuo, kule Minnesota, Dave Arneson alikuwa akiwachezesha rafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, ambamo kila mchezaji alishika mhusika mmoja badala ya kikosi kizima. Mawazo ya hao wawili yalipokutana, mchezo mpya ukazaliwa. Mnamo 1974 Dungeons & Dragons ilitoka ikiwa vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 kwa jumla. Ni kutoka sanduku lile ambapo msamiati wa mpwa wangu umetoka, na baadaye msamiati wa michezo mingi ya kompyuta wanayocheza vijana wetu.

Tuchukue 'hit points'. Katika Chainmail askari wa kawaida alikufa kwa pigo moja. Hilo halina neno ukiwa na askari 50 mezani. Lakini ukiwa na mhusika mmoja, uliyempa jina na kumpenda, kufa kwa pigo moja kunauma. Arneson alieleza kwamba aliazima suluhisho kutoka kanuni zake za vita vya manowari za vyuma za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: meli haizami kwa kombora moja, huhesabiwa makombora inayoweza kustahimili. Yaani shujaa wa mpwa wangu, kwa asili, ni meli! Hata kipimo cha ugumu wa deraya yake kinatajwa kuwa kilitoka hukohuko baharini.

Je, tuseme 'pointi za kupigwa'? Hapana. Gygax mwenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 1979, alisisitiza kwamba idadi hiyo haimaanishi nyama na damu tu. Ndani yake mna ustadi, bahati na hata ulinzi wa miungu. Sasa tazama: mtu anayeponea chupuchupu kila mara sisi twasemaje? Twasema ana roho ya paka. Kiswahili kina neno tayari, tena lenye upana uleule wa uhai, nguvu na bahati. "Nimebaki na roho tatu." Mpwa wangu alilipokea papo hapo, bila kubisha.

'Saving throw' nalo ni neno la wachezaji wa vita vya mezani: dadu ya mwisho unayorusha ili uepuke maangamizi yaliyokwisha kukufikia. Kanuni za 1974 zilitaja aina tano, zikiwemo ya sumu, ya kugeuzwa jiwe na ya pumzi ya joka. Toleo la tatu la mwaka 2000 lilizipunguza zikawa tatu: ya uimara wa mwili, ya wepesi na ya nia. Hapa nilimpa kijana neno moja tu: nusura. Katika Kiswahili 'nusura' ni msaada, ni wokovu. Lakini pia twasema 'nusura afe', yaani karibu afe. Neno moja limebeba kufa na kupona, na dadu ikiwa bado inabingirika mezani mchezaji yuko katikati ya hayo mawili. "Rusha nusura!" Sijui kama Kiingereza chenyewe kinafika hapo.

Kuna neno 'level', na kisa chake kinafurahisha zaidi. Katika mchezo huu neno hilo hutaja mambo manne: cheo cha mhusika, ugumu wa sihiri, ukali wa zimwi na orofa ya handaki chini ya ardhi. Mtu wa cheo cha tano huwa hana uwezo wa sihiri ya daraja la tano, na anaweza kuwa amesimama katika orofa ya pili. Wanaoanza huchanganyikiwa kweli. Gygax alilijua hilo. Katika kitabu cha wachezaji cha 1978 alikiri kwamba aliwahi kufikiria kuyatenganisha kwa maneno tofauti, lakini akaliacha neno la zamani kwa kuwa watu walikwisha kulizoea.

Sisi hatujazoea lolote, kwa hiyo tuna nafasi aliyoikosa yeye. Kiswahili kina cheo, daraja, kiwango, ngazi, tabaka na orofa. Mpe mhusika cheo, ipe sihiri daraja, lipe zimwi kiwango, na handaki lihesabiwe kwa orofa. Sentensi yangu ya hapo juu imekueleza jambo ambalo kwa Kiingereza lingekuwa kitendawili, na sikulazimika kuunda neno hata moja. Nawaomba wale wanaodai kila kukicha kwamba lugha yetu ni maskini wa istilahi waitazame tena sentensi hiyo.

Kwa hakika, si mara ya kwanza kwa Waswahili kuupigania ushindi mezani kwa maneno yao. Wacheza bao wana mtaji na kutakasa, wana nyumba na kichwa na kimbi, na kete zao zikishikwa mkononi husomeka kama askari. Wareno waliotawala pwani waliondoka, lakini karata zao zikabaki, nazo zikaswahilishwa: turufu, shupaza, kopa, uru, pao. Leo nani anayekumbuka kwamba turufu lilikuwa neno la Kireno? Watangazaji wa mpira nao hawakungoja kamati. Walitupa kuotea, mkwaju wa penalti, mtanange. Neno la mchezo hukomaa mdomoni mwa wachezaji. Kazi ya msomi ni kupita nyuma akiokota na kupanga, na mara mojamoja kusema: hili, jamani, tuliache.

Kwa msamiati wa mapigano basi sikuwa na wasiwasi. Deraya lipo, ngao ipo, podo na ala zipo. Mzunguko wa mapigano ni duru, na ikiwa vijana watasema raundi kama watangazaji wa ndondi, sitagombana nao. Anayetangulia ana zamu ya kwanza. Lile pigo la bahati kuu, ambalo dadu ya pande ishirini ikilala kwenye 20 huzidisha madhara, naliita dharuba. Inasemekana kanuni hiyo ilichapishwa kwanza mwaka 1975 katika mchezo wa M. A. R. Barker, na huyo alikuwa mwanaisimu hasa, profesa wa lugha za Asia Kusini aliyeiundia nchi yake ya kubuni lugha nzima. Mwenzetu kabisa.

Nilipendekeza pia kwamba yule msimulizi-mwamuzi, ambaye vijitabu vya 1974 vilimwita refa tu, aitwe fanani, kama tumwitavyo mtambaji wa ngano. Mpwa wangu alicheka hadi akashika mbavu. "Mjomba, hiyo ni ya mtihani wa fasihi simulizi. Sisi tutasema refa." Nilishindwa hapo, na sikuona haya. Refa limekaa.

Tulipofika kwenye sihiri, hatukucheka tena.

Kanuni za sihiri katika mchezo huu zilitokana zaidi na riwaya kuliko na imani ya mtu yeyote. Mwaka 1950 mwandishi wa Marekani Jack Vance alitoa kitabu kiitwacho The Dying Earth. Humo watu wa sihiri hukariri maneno magumu yanayojaa kichwani kama maji mtungini. Yakitamkwa mara moja, hufutika, na msemaji hulazimika kuyasoma upya. Gygax aliupenda mpango huo kwa kuwa ulimwekea mipaka mwenye nguvu. Deni hilo alilikubali waziwazi, na mhusika mmoja mashuhuri wa mchezo, Vecna, jina lake ni herufi za Vance zilizopangwa upya.

Sasa tazama jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa sijalifikiria. Vijitabu vile vya 1974 havikuipa kazi ya mtu huyo jina la kale la Kiingereza. Vilimwita 'magic-user', yaani mtumia sihiri. Neno baridi, kama jina la kazi kwenye fomu ya serikali. Majina ya moto yalipanda baadaye: mwaka 1989 toleo la pili likalitupa lile baridi na kumrejesha 'wizard', mwaka 2000 'sorcerer' akawa na kazi yake, na 'warlock' akaingia katika kitabu kikuu mwaka 2008. Ukizichunguza nasaba za majina hayo, utaona ni watu watatu tofauti kabisa. La kwanza latokana na neno la hekima, yaani ni mjuzi. La pili latokana na Kilatini 'sors', kura, yaani ni mpiga kura wa kubashiri, ndugu wa mpiga ramli wetu. Na ramli nalo, kwa Kiarabu, ni mchanga, kwa kuwa alama zilichorwa mchangani. La tatu ni Kiingereza cha kale, maana yake mvunja ahadi, msaliti.

Fungua kamusi yoyote ndogo ya Kiingereza na Kiswahili uyatafute yote matatu. Uwezekano mkubwa ni kwamba utaelekezwa kwenye neno moja: mchawi. Mjuzi, mpiga ramli na msaliti wametiwa gunia moja, gunia likafungwa, na juu yake pakaandikwa jina la mtu ambaye pwani yetu humtafuta kwa mapanga.

Maana Kiswahili hakikumpa mchawi maana ya 'mtu wa maajabu'. Mchawi ni yule anayedhuru kwa siri, jirani anayekula watu wake. Huko Kilifi Wamijikenda huita kazi yake utsai, na hakuna anayeitamka akitabasamu. Mganga ni mwingine: yeye huagua na kutibu. Kuloga si kuganga. Mtaalamu wa falaki si mpunga pepo, na mpunga pepo si mfanya mazingaombwe wa kwenye sherehe za watoto. Lugha imewatenga hawa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kuwachanganya kuna gharama ya damu. Kila mwaka magazeti yetu huripoti wazee waliouawa au kufukuzwa makwao kaunti hiyo kwa madai ya uchawi, na wachunguzi wametuambia mara nyingi kwamba chini ya madai hayo huwa kuna shamba.

Sheria nayo ililikuta jambo hili gumu. Tangu mwaka 1925 Kenya ina Sheria ya Uchawi iliyoandikwa na serikali ya kikoloni. Inamwadhibu anayejidai kuwa na uwezo huo, na inamwadhibu pia anayemtuhumu mwenzake. Lakini neno la Kiingereza lililowekwa kwenye jina la sheria hiyo halikujua tofauti ya mlozi na mganga, kama vile kamusi ya mpwa wangu isivyojua. Karne nzima imepita, na mjomba wangu hajarudi nyumbani.

Wengine watasema: huu ni mchezo tu, tusikuze mambo. Nawajibu kwamba hata waliouunda hawakuliona hivyo. Historia ya maneno ya mchezo huu imejaa maneno yaliyoondolewa. Karibu na mwaka 1977, wenye haki za kazi za Tolkien walipolalamika, 'hobbit' alifutwa akawa 'halfling'. Miaka ya 1980 wazazi na makundi ya kidini nchini Marekani waliushtumu mchezo huu kwamba unawafundisha watoto ushirikina. Toleo la 1989 likayaacha majina ya mashetani. Viumbe hao waliporejea mwaka 1991 walikuwa wamepewa majina ya kubuni, tanar'ri na baatezu, hadi toleo la 2000 lilipowarudishia majina ya awali. Na katika kanuni mpya za 2024 neno 'race', lililotaja kama mhusika ni mtu, mbilikimo au jitu, limeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na 'species'. Mara moja ni sheria, mara nyingine ni hofu, mara nyingine ni dhamiri. Lakini maneno yalibadilika, na mchezo haukufa.

Hilo la mwisho lilinishtua, kwa sababu vijana wetu walikuwa wakiulizana chini ya mwembe: "Wewe ni kabila gani?" Na kanuni za zamani zilikuwa na makabila mazima yaliyo maovu tangu kuzaliwa, ya kuuawa bila kuulizwa. Msomaji aliyekuwa hai nchini Kenya mapema mwaka 2008 hahitaji nimweleze kwa nini sentensi hiyo haifai kutoka kinywani mwa kijana, hata kama kuna dadu mbele yake. Nilimwambia waseme spishi, kama wasemavyo walimu wa biolojia, au aina. Alitikisa kichwa bila maneno. Yeye alizaliwa kabla kidogo ya mwaka huo, na amesikia ya kusikia.

Basi tusemeje? Nilimwandikia orodha, nami naiweka hapa ili ipingwe. Nguvu yenyewe iitwe sihiri. Najua kwamba kwa Mwislamu neno hilo si la sifa, na sisemi ni safi. Nasema tu kwamba sijapata kusikia umati wa watu ukilipaza usiku nje ya nyumba ya mzee. Anayeisomea vitabuni awe mjuzi, kama Kiingereza chenyewe kilivyokusudia. Kwa jumla yao, mtumia sihiri, sawasawa na vijitabu vya 1974. Maneno anayoyakariri ni tabano, kutoka kitenzi kutabana, ambacho hutaja hasa kuyasoma maneno ya uganga. Anayepata nguvu kwa mkataba na kiumbe wa upande wa pili ni mfuga majini. Hapa pwani yetu imempata vizuri kuliko Waingereza, maana neno lao latuambia tu kwamba amesaliti, letu latuambia anachokilisha. Kuhani anayewatimua wafu wanaotembea anapunga pepo. Na wafu hao ni ndondocha au misukule, si mizimu. Mizimu ni wazee wetu waliotangulia, na kuwafanya shabaha ya mishale ni kukosa adabu.

Angalia muundo wa maneno hayo: mtumia sihiri, mfuga majini, mpunga pepo, mpiga ramli. Yote yanafuata mtindo mmoja, kiambishi cha mtu, kitenzi, kisha kitu anachokitendea. Tunasema mpiga picha na mla rushwa kwa mtindo huohuo. Uzuri wake ni kwamba yanamtaja mtu kwa kile anachofanya. Ukimwita mtu mpiga ramli, unaweza kuulizwa: ramli gani, umeiona wapi? Neno 'mchawi' halimruhusu mtu kuuliza. Halisemi amefanya nini, linasema yeye ni nini, na mtu hawezi kujitetea dhidi ya vile alivyo. Pengine ndiyo maana linaua.

Je, neno hilo lifutwe kabisa mezani? Hapo mpwa wangu alinishinda kwa mara ya pili. "Mjomba," akasema, "tukilifuta tutajifanya kama hayo hayatokei. Acha libaki, lakini liwe tuhuma. Refa akisema watu wanamwita mzee mchawi, kazi yetu iwe kujua nani anataka shamba lake." Nilinyamaza. Nimefundisha lugha kwa miaka mingi, na sikuwa nimewahi kulipatia neno hilo matumizi bora kuliko hayo.

Pasaka walirudi tena, na wakaketi palepale chini ya mwembe. Mama alikuwa kibarazani. Kwa muda alisikiliza roho zikihesabiwa na nusura zikirushwa. Mzee mmoja wa kubuni alikuwa amekimbia kijiji chake usiku, na vijana wanne walikuwa wakibishana jinsi ya kumrudisha kwake salama: wapite njia ya mto au ya msitu, waende kwa chifu kwanza au kwa wanawe? Walibishana kwa Kiswahili, kikiwa na raundi na refa ndani yake, na sikumsahihisha mtu.

"Wamwulize mkewe," mama akasema ghafla, bila kugeuka. "Yeye ndiye anayejua nani alikuja kupima mipaka."

Vijana walinyamaza wakamtazama. Kisha refa akaokota dadu ya pande ishirini, akamsogezea nyanya.